Pumbao, Burudani na Ubongo wa Mzee

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na watafiti wa afya ya wazee niwafasirie kwa Kiswahili orodha ya maswali iliyotungwa ng'ambo. Swali moja lilimtaka mzee ataje shughuli anazozipenda na kuzifanya kwa hiari yake wakati asipokuwa na kazi. Nikatafuta neno moja la kubeba maana hiyo yote, nikaridhika na "pumbao". Swali likachapwa: "Una pumbao gani?" Siku ya kwanza lilipotumiwa, katika mji mmoja wa pwani, nami nilikuwapo. Mzee aliyeulizwa alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu. Alinitazama kwa huruma zaidi kuliko hasira, akasema, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Pumbao la nini?" Kijana aliyeshika kalamu akaandika kwamba hana. Baada ya sala ya alasiri mzee yule alikuwa amekwisha kaa barazani mbele ya bao, akihesabu kete kwa macho bila ya kuzigusa, wala hakuondoka hapo mpaka magharibi.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Mwenye lugha hii hakupaswa kusahau kwamba "pumbao" na "mpumbavu" ni watoto wa mzizi mmoja. Kupumbaa ni kuduwaa. Kumpumbaza mtoto ni kumghafilisha asikumbuke kwamba mama yake ameondoka. Na pumbao, au pumbazo, ni kile kinachotumiwa katika kumghafilisha. Kumwuliza mtu mzima ana pumbao gani ni karibu na kumwuliza ni kitu gani kinachomwondolea akili. Maneno mengine yaliyo jirani hayana ila hiyo, lakini kila moja lina upungufu wake. "Burudani" latokana na kuburudi, yaani kupoa, nalo hutaja raha ya moyo pasipo kugusa kazi ya kichwa. "Mchezo" ni wa watoto. Tukitaka kulikuza jambo husema kwamba si mchezo. "Uraibu" lilikuwa neno la tambuu, tumbaku na kahawa, na siku hizi limeelekea zaidi upande wa ulevi. Vijana wa mijini wameazima "hobi", neno lisilo na lawama, ila wazee wengi hawalijui.

Basi katika hazina hii yote hakuna neno linalokiri kwamba mtu anayejifurahisha huenda akili yake imo kazini. Na hilo ndilo jambo ambalo wachunguzi wa ubongo wamekuwa wakilipima kwa miongo kadhaa sasa. Katika makala haya nakusudia kueleza yale yanayojulikana juu ya uhusiano wa shughuli za namna hiyo na afya ya ubongo uzeeni, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ujuzi huo imesimama juu ya maneno: ya anayeuliza na ya anayejibu. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa elimu ya lugha hawawezi kuwaachia madaktari peke yao.

Kwanza yafaa tutenge uzee na maradhi. Kwa mazoea ya mazungumzo yetu, mzee anayepotea njia ya kwake, au anayemwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, husemwa kwamba amerudi utotoni au kwamba akili zimemruka, kana kwamba uzee ukizidi sharti uishie hapo. Sivyo. Madaktari hukusanya hali hizi chini ya jina la dimensia, nalo ni jina la jumla la maradhi mbalimbali yanayoharibu kumbukumbu, usemi na uamuzi, mpaka mtu ashindwe kujitegemea. Lililoenea zaidi miongoni mwao ni ugonjwa wa Alzheimer, uitwao kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke aliyeingizwa hospitali mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, akafariki mwaka huo wa 1906. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa maradhi tunayoyaita ya uzee hakuwa mzee. Katika ubongo wake Alzheimer aliona kwa darubini mabaka baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Na alama hizo mbili ndizo zinazotafutwa mpaka leo. Maradhi mengine ya fungu hili hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kuvuja, na huko shinikizo la damu ndilo adui mkubwa.

Lakini alama hizo na hali ya mtu havilingani sikuzote. Mwaka 1988 Robert Katzman na wenzake huko Marekani walieleza habari za wakongwe waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, ambao bongo zao zilichunguzwa baada ya kufa. Baadhi yao walikuwa na mabaka tele, na hali walipokuwa hai akili zao zilikuwa timamu kama za watu wasio na mabaka. Bongo zao zilikuwa nzito zaidi na zenye seli kubwa nyingi zaidi. Kutokana na mambo ya namna hii yalikuja mawazo ya akiba ya akili, ambayo Yaakov Stern wa New York ameyaendeleza kuliko mtu mwingine. Mfano wake ni mji wa kale wenye vichochoro vingi: njia kuu ikifungwa, mwenyeji hupita uchochoroni akafika sokoni, bali mgeni asiyejua ila njia moja husimama pale pale. Yadhaniwa kwamba masomo ya utotoni, kazi zenye kutaka fikira, na shughuli za hiari katika maisha yote huongeza vichochoro hivyo. Akiba haizuii ugonjwa kuingia. Huchelewesha siku ya kuonekana kwake. Na kwa mtu wa miaka 80, kucheleweshewa miaka mitatu au minne si jambo dogo.

Uchunguzi unaotajwa mara nyingi zaidi juu ya shughuli za hiari ni ule wa Bronx, katika mji wa New York, uliotangazwa na Joe Verghese na wenzake mwaka 2003. Watu 469 waliozidi umri wa miaka 75, wasiokuwa na dimensia mwanzoni, waliulizwa ni mara ngapi kwa juma husoma, huandika, hujaza mafumbo ya maneno, hucheza karata au michezo ya ubao, hushiriki katika mazungumzo ya vikundi, na hupiga ala za muziki. Wakaulizwa pia juu ya shughuli kumi na moja za mwili. Baada ya kufuatwa kwa muda wa miaka mitano hivi kwa wastani, watu 124 walikuwa wamepatwa na dimensia. Waliokuwa na desturi ya kusoma, kucheza michezo ya ubao, kupiga ala na kucheza dansi walipatwa kwa uchache kuliko wenzao. Katika shughuli zote za mwili, dansi peke yake ndiyo iliyoonyesha uhusiano huo. Jambo hili halitamshangaza mtu aliyepata kusimama katika ngoma: anayecheza husikiliza, hukumbuka zamu yake, humwangalia mwenziwe, na huweka mguu mahali pake kwa wakati wake, vyote kwa mara moja.

Msomaji wa Unguja atamkumbuka Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe ambaye umri wake ulibishaniwa, na ambaye uzeeni alikuwa angali akiimba na kupiga ngoma mbele ya watu. Msomaji wa bara atamkumbuka Mwalimu Nyerere, mpenzi wa bao, ambaye baada ya kuacha uongozi alikaa kitako akazitunga habari za Biblia kwa tenzi, zikachapwa mwaka 1996. Mifano hii yapendeza, walakini si ushahidi. Kwa kila mmoja yaweza kutajwa mwingine wa kinyume chake. Iris Murdoch, mtunzi wa riwaya wa Uingereza, alisoma na kuandika kwa bidii isiyokatika tangu ujana wake. Hata hivyo ugonjwa wa Alzheimer ulimpata, akafa mwaka 1999. Mwaka 2005 Peter Garrard na wenzake walilinganisha riwaya zake tatu, ya mwaka 1954, ya 1978 na ya mwisho ya 1995, iliyotoka kabla ugonjwa haujatambuliwa. Waliona kwamba hesabu ya maneno mbalimbali aliyoyatumia ilikuwa imepungua katika hiyo ya mwisho, hali muundo wa sentensi zake ulikuwa haujaharibika sana. Msamiati ulianza kuondoka, na sarufi ikabaki nyuma kama mlinzi wa nyumba iliyohamwa.

Hapo yatupasa tuingie katika shaka kubwa ya elimu hii. Akiwa mzee hachezi bao naye akapatwa na dimensia, je, alipatwa kwa kuwa hachezi, au aliacha kucheza kwa kuwa ugonjwa ulikwisha mwanza? Ugonjwa wa Alzheimer hujijenga ndani ya ubongo miaka mingi kabla ya kuonekana. Wachunguzi wa Bronx walijitahidi kuiondoa shaka hii katika hesabu zao, lakini muda wa miaka mitano ni mfupi. Mwaka 2020 Andrew Sommerlad na wenzake walitoa matokeo marefu zaidi kutoka London, katika uchunguzi wa watumishi wa serikali ujulikanao kwa jina la Whitehall II. Watu 8,280 wenye umri wa miaka 56 kwa wastani walifuatwa kwa miaka 18. Wingi wa shughuli zao za hiari katika umri huo haukuonekana kuwakinga. Kilichoonekana ni kwamba wale ambao shughuli zao zilipungua kadiri miaka ilivyopita ndio waliopatwa zaidi. Mwenye kusoma kwa haraka atasikitika, akidhani kwamba bao limeshindwa. Mimi naona kwamba uchunguzi huu umetuachia jambo la kutumika: kuacha kwenyewe ni habari. Mzee aliyekuwa hakosi barazani, naye sasa hukaa ndani, ametuambia jambo kabla ya daktari yeyote kulijua.

Na tuulize bao lenyewe linamtaka mtu nini. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, manane manane, na kete 64, na kila mchezaji ana safu mbili. Mwanzoni kila mmoja huweka kete kumi tu ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani; zile 22 zilizobaki huzishika na kuziingiza moja moja wakati wa kunamua, na zikiisha ndipo wachezaji waingiapo katika mtaji. Kete iliyoliwa haitoki mchezoni kama itokavyo katika sataranji au drafti. Huhamia upande wa mlaji, ikaingizwa kutoka kichwani, ikasambazwa shimo baada ya shimo, na ile ya mwisho ikiangukia mahali palipo na kete huenda ikala tena au ikaendelea, mpaka ilale katika shimo tupu. Kwa hiyo kila hatua moja hubadili hesabu ya mashimo mengi pande zote mbili, na mchezaji sharti aione picha ya ubao kama utakavyokuwa baada ya mzunguko kwisha, siyo kama ulivyo. Desturi haimruhusu kuzichezea kete kwa kujaribu. Mholanzi Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake juu ya umahiri wa bao ilitolewa Leiden mwaka 1995, alipofika Unguja kuwachunguza mafundi wa mchezo huu aliuchukua kuwa mahali pa kutafutia mipaka ya akili ya binadamu, nami sidhani kwamba alipotea njia.

Mashairi ya kujibizana yana mzigo wa namna nyingine. Mtunzi wa shairi la mishororo minne yenye mizani kumi na sita, nane kwa nane, mwenye kina cha kati na cha mwisho, hana budi kuchagua kila neno kwa maana yake na kwa silabi zake pia, na anapomjibu mwenziwe kwa vina vile vile aweza kukuta kwamba maneno mepesi yamekwisha tumiwa. Kurasa za mashairi za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa mwaka 1923, zilijaa mabishano hayo, na waliokuwa wakiyaandika walikuwa makarani, wavuvi, walimu na wakulima. Wala kalamu si sharti. Marehemu Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021, hakupata masomo mengi ya shule. Alikuwa mvuvi, baharia na mchukuzi, na ghala ya tungo zake ilikuwa kichwani kwanza. Hata kitendawili ni kazi ya namna hii. Anayejibu "Tega!" amekubali kwamba katika nusu dakika ijayo ataacha maana ya kwanza ya maneno na kutafuta ya pili, na akishindwa atatoa mji.

Sisemi kwamba bao au shairi ni dawa. Uchunguzi mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1998, ambao uliwagawa wazee 2,832 katika makundi kwa bahati nasibu, ulionyesha kwamba waliofundishwa mazoezi ya kumbukumbu waliendelea katika kumbukumbu, na waliofundishwa mazoezi ya kutafuta taratibu katika herufi na hesabu waliendelea katika hayo. Ujuzi haukuruka ukuta kwenda kwa jirani kama ilivyotarajiwa. Yamkini basi kucheza bao humfanya mtu awe hodari wa bao, basi. Lakini katika mji wetu mchezo hauji peke yake. Mzee hutembea kwa miguu mpaka barazani. Hukutana na watu waliozaliwa naye. Hutaniwa, hubishana, huulizwa habari za mgonjwa na bei ya samaki. Na watazamaji waliomzunguka huzungumza kuliko wachezaji. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimensia duniani. Pumbao halimo kwa jina lake. Yamo uhaba wa masomo utotoni, kukaa bila ya kutumia mwili, upweke, shinikizo la damu, kisukari, kupungua kwa kusikia na kwa kuona. Tazama jinsi mengi ya hayo yanavyokutana pale penye bao. Aliyepungukiwa masikio huanza kukosa vijembe, kisha huona haya kuuliza mara mbili, kisha haji tena. Wenzake husema amekuwa mkimya, au ameingia ibadani.

Nimetaja hesabu, na hesabu zahitaji kipimo. Hapa ndipo elimu ya lugha inapokuwa na neno la kusema, kwa maana kipimo mashuhuri kuliko vyote katika habari hii kilikuwa cha lugha. Mwaka 1986 David Snowdon alianza kuwachunguza watawa 678 wa Kikatoliki wa Marekani waliotimiza umri wa miaka 75 na zaidi. Watawa walimfaa sana, kwa sababu chakula chao, makazi yao na desturi zao zililingana. Katika makabrasha ya nyumba zao yalipatikana maelezo ya maisha yao waliyoyaandika kwa mkono walipokuwa wasichana wa miaka 22 kwa wastani. Susan Kemper, mchunguzi wa lugha, akishirikiana na Snowdon, alihesabu katika maandishi ya watawa 93 ni mawazo mangapi yaliyomo katika kila maneno kumi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996. Wale ambao maandishi yao ya ujanani yalikuwa na mawazo haba ndio waliopata alama za chini katika majaribio ya akili miaka 58 hivi baadaye. Katika 14 waliokuwa wamekwisha kufa, dalili za Alzheimer zilithibitishwa katika ubongo wa kila mmoja aliyekuwa na mawazo haba, wala hazikuthibitishwa katika ubongo hata mmoja wa wenye mawazo mengi. Kumi na wanne ni wachache. Hata hivyo mtu asomapo habari hiyo huirudia mara ya pili.

Je, tungeweza kufanya hivyo kwa barua za wazee wetu? Tuchukue neno moja tu: "aliyenifundisha". Ndani yake yumo mtendaji, umo wakati uliopita, kimo kirejeshi, yumo mtendwa, na kipo kitendo chenyewe. Kiingereza hutumia maneno matatu au manne kwa maana hiyo. Tukihesabu mawazo kwa kila maneno kumi, kila Mswahili atatokea kuwa na mawazo tele, na hesabu haitamtenga mtu na mwenziwe. Tukiacha maneno tukahesabu viambishi, tutaangukia shimo la upande wa pili, kwa kuwa katika "watoto wangu wawili wadogo" upatanisho hurudiwa mara nne bila ya kuongeza wazo. Tena barua za zamani za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mahali pa kukata neno hapakuwa sawa kwa waandishi wote. Kwa maoni yangu kipimo kitakachofaa ni kile kitakachoanza katika kiarifa, yaani jambo linalosemwa juu ya kitu, na kuliacha umbo la neno lifuate. Kazi hiyo yawezekana. Yahitaji barua zenye tarehe, nazo zimo masandukuni mwa watu, zikiliwa na mchwa.

Majaribio ya daktari nayo hayajanusurika. Lile linalotumika zaidi duniani lilitungwa Marekani mwaka 1975. Humtaka mzee asome amri na kuifuata, aandike sentensi, anakili umbo la pembe tano mbili zilizopishana, na arudie maneno ya Kiingereza ambayo ugumu wake u katika sauti zake, hata yakifasiriwa hayana ugumu tena. Mzee asiyepata kushika kalamu hupoteza alama kabla hajaanza. Majaribio mengine humtaka ataje maneno mengi awezavyo yanayoanza kwa herufi fulani kwa muda wa dakika moja. Mpe Mswahili herufi "k", naye atataja vitenzi vyote vya lugha kwa ku-, kula, kulala, kulima, mpaka dakika iishe, na hapo utakuwa umempima ngeli zake, siyo akili yake.

Zaidi ya yote ni swali la tarehe, ambalo huonekana jepesi. Mzee wa pwani aulizwapo mwezi gani huu, huenda akajibu "mfunguo nne". Aliyefunzwa mijini aweza kuandika kwamba amepotewa, na hali jibu ni sahihi kabisa: miezi huhesabiwa tangu Ramadhani ilipokwisha, mfunguo mosi, mfunguo pili, hata tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Akiulizwa Alhamisi baada ya magharibi leo ni siku gani, aweza kusema Ijumaa, kwa kuwa kwake siku huingia jua litwapo. Akiulizwa majira ya mwaka, ambayo jaribio lile huyategemea kuwa manne ya Ulaya, atataja kaskazi au kusi, masika au vuli, na kila moja huwa kweli kwa mahali pake. Mtu awezaye kuyaweka yote hayo kichwani pamoja na Januari na Februari ya wajukuu wake ana kalenda mbili, na kwa jibu hilo angestahili alama ya ziada.

Kazi nzuri imekwisha kuanza. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee 1,198 waliofikia umri wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri, watu 6.4 kwa kila mia walikuwa na dimensia. Huko huko pakatengenezwa jaribio lisilohitaji kusoma wala kuandika: badala ya kuchora kwa kalamu mzee hupanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano. Mwaka 2017 zilitolewa habari za wagonjwa 34 wa Hai waliokusanywa katika vikundi mara 14 kwa muda wa majuma saba, wakazungumza habari za utoto, chakula, nyimbo na michezo ya maneno, kwa utaratibu uliotoka Uingereza na kurekebishwa. Walionekana kupata nafuu katika akili na katika wasiwasi wao. Hao walikuwa wameugua tayari, kwa hiyo habari zao hazisemi lolote juu ya kinga. Lakini zaonyesha kwamba mazungumzo yaliyopangwa vema kwa lugha ambayo mtu anaijua si kupoteza wakati.

Nirudi katika swali langu lililoharibika. Nilipolitengeneza upya nilijaribu kwanza "Hucheza bao?", kwa kuwa hu- ndiyo ya mazoea. Halikufaa. Kiambishi hicho hakitaji nafsi, na mzee mmoja alianza kunieleza jinsi watu wa mtaa wake wanavyocheza. Tena kwa sikio lililopungua, "hucheza" na "huchezi" hutengana kwa irabu moja ya mwisho, na hiyo haina mkazo. Yaani anayeulizwa kama ana desturi hiyo aweza kusikia kwamba anaambiwa hana. "Unacheza bao?" nalo lilimfanya mwingine atazame mikono yake, ambayo wakati huo ilikuwa na kikombe cha kahawa. Mwishowe niliacha kutafuta neno moja la jumla, nikataja shughuli zenyewe kwa majina yake, na kuuliza kwa nyakati mbili: "Siku hizi wewe wacheza bao, karata au dhumna? Kwa juma mara ngapi? Na miaka mitano iliyopita, je?" Kwa wanawake niliongeza kusuka ukili, kutia nakshi kofia, kuimba katika vikundi vya harusi na maulidi, na kuwatolea watoto hadithi, kwa sababu orodha iliyotoka ng'ambo haikuyajua hayo, na bila ya kutajwa hakuna hata mmoja wao aliyeyahesabu kuwa ni kitu. Kisha ikafuata: "Kama umepunguza, ni kwa sababu gani: macho, masikio, miguu, kusahau, au wenzio hawapo tena?"

Tulimrudia yule mzee wa kwanza. Shikamoo yetu aliiitikia, akasikiliza swali, akaweka kete alizokuwa nazo mkononi katika shimo. Alijibu kwamba hucheza kila siku isipokuwa Ijumaa, kwamba miaka mitano iliyopita walikuwa wanane katika baraza ile, akawataja wote kwa majina na kwa namna alivyokuwa akicheza kila mmoja, na kwamba sasa wamebaki watatu. Karatasi ilikuwa imetenga mstari mmoja kwa jibu hilo. Nimewaomba watafiti waweke minne.